Kabla ya Kuilaumu Kuranti: Jinsi Kondansateri Inavyokufa Ndani ya Ampli

Mjini Bukavu, ampli (kikuza sauti) ikigoma kuwaka baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, hukumu hutolewa kabla fundi hajashika bisibisi: kuranti, yaani umeme wa ukutani, ilirudi kwa nguvu, ikaiunguza. Nimeisikia hukumu hiyo Kadutu na Bagira, nimeisikia Nguba na Muhumba, na siwezi kuwalaumu wanaoitoa, kwa sababu kila walichokiona kwa macho yao kinaelekea huko. Jioni chombo kilikuwa kinaimba vizuri, umeme ukakatika, umeme ukarudi, chombo kikanyamaza. Hata hivyo, ninapovifungua vyombo vya namna hiyo, mara nyingi sikuti alama ya pigo lolote. Fyuzi ni nzima, diodi ni nzima, transista kubwa ni nzima, hakuna kilichoungua wala kinachonuka. Kilichokufa ni kipande kimoja chenye ukubwa wa punje ya haragwe, nacho kilianza kufa miaka kadhaa kabla ya usiku ule.

Kutenganisha kifo cha namna hiyo na kifo kinacholetwa kweli na umeme mbovu ndiyo kazi ya makala haya, kwani anayekosea chanzo hukosea na dawa. Hununua stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza volteji, kwa dola alizozitafuta kwa shida, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili chombo kingine kinanyamaza vilevile, naye anaanza kuamini kwamba vyombo vyote vya siku hizi havifai.

Kipande hicho ni kondansateri, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi huiita kapasita. Kazi yake ni kuweka chaji ya umeme kwa muda mfupi na kuitoa inapohitajika. Mtu wa Bukavu ataielewa haraka akifikiria pipa la maji la nyumbani. Maji ya bomba huja kwa vipindi, lakini anayefua na anayepika wanayahitaji wakati wote. Pipa likiwa kubwa, hawatambui kwamba bomba limekauka. Ndani ya ampli, umeme wa ukutani ukishashushwa na transfoma na kunyooshwa na diodi hufika kwa mafungu 100 kila sekunde, kwa kuwa mkondo wetu una mizunguko 50 kwa sekunde na kila mzunguko hutoa vilele viwili. Kondansateri kubwa za alimantasio, yaani sehemu inayolisha chombo kizima, hujaa kwenye kila kilele na kutoa chaji yake mpaka kilele kinachofuata, ili transista zinazosukuma spika zipate mkondo usioyumba. Nyingine, zilizo ndogo, hupitisha sauti kutoka hatua moja ya ampli kwenda nyingine huku zikiuzuia mkondo mnyoofu, yaani ule wa upande mmoja, usiandamane nayo.

Si kondansateri zote zinazozeeka. Zile za utando wa plastiki, kama poliesta na polipropileni, na zile za kauri, zinaweza kukaa miongo mingi bila kubadilika kwa kiasi cha kusikika, na fundi anayezing'oa katika ampli ya zamani kwa sababu tu ni za zamani anaharibu kazi nzuri. Inayozeeka ni ile ya elektroliti: kopo dogo la alumini lililovikwa plastiki, lenye mstari ubavuni unaoonyesha mguu wa hasi.

Ndani ya kopo hilo kuna kanda mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja kama mkeka, na katikati yake karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme, ambacho ndicho elektroliti. Ukanda mmoja umeliwa kwa kemikali hadi uso wake ukajaa vishimo visivyohesabika, jambo linaloongeza eneo lake mara nyingi, kisha ukavikwa, kwa nguvu ya umeme, tabaka la oksidi ya alumini. Tabaka hilo, lenye unene wa kama nanomita 1.4 kwa kila volti lililotengenezewa, ndilo ukuta pekee kati ya chanya na hasi. Wengi hudhani kwamba ule ukanda wa pili wa alumini ndio upande wa hasi. Upande wa hasi wa kweli ni kimiminika chenyewe, kwa sababu ndicho pekee kinachoweza kuingia katika kila kishimo na kuigusa oksidi. Ukanda wa pili unakiunganisha tu na mguu wa nje. Msomaji akilishika jambo hili moja, mengine yote yatafuata: kimiminika kikipungua, kondansateri inapungua pamoja nacho.

Wazo lenyewe si geni. Mpoland Karol Pollak aliliombea hataza mwaka 1896, akitumia boraksi kama elektroliti. Sisi wa Kivu tunalo pia fungamano letu na jambo hili, maana koltani inayochimbwa Rubaya, Numbi na kwingineko hutoa tantali, metali ambayo oksidi yake hufanya kazi ileile ya oksidi ya alumini katika nafasi ndogo zaidi, na ambayo katika aina yake ya kawaida hutumia elektroliti ngumu isiyokauka. Lakini kondansateri ya tantali ni ghali, na ikizidiwa volteji huungana ndani kwa ndani, mara nyingine ikawaka moto, kwa hiyo imepata makao katika simu na kompyuta kuliko katika ampli za nyumbani. Inayotuharibikia sebuleni, kwa sehemu kubwa, ni ya alumini.

Sasa, kimiminika kinaenda wapi? Kopo limezibwa chini kwa mpira, na miguu hutokea katika mpira huo. Hata mpira mzuri hupitisha mvuke, polepole sana, saa baada ya saa, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke unavyozidi kupenya. Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, uwezo wa kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa mikrofaradi, hushuka. Pili, ukinzani wa ndani hupanda, na hili la pili ndilo hutangulia kuleta madhara katika vyombo vingi, ijapokuwa ndilo lisilotazamwa. Mkondo unaoingia na kutoka ukipita katika ukinzani huo huzaa joto ndani ya kopo lenyewe. Joto huongeza ukavu, ukavu huongeza ukinzani, na ukinzani huongeza joto. Ndiyo maana kondansateri inaweza kuzeeka polepole kwa miaka 8, halafu ikamalizika kwa miezi michache.

Kanuni wanayoitumia wahandisi kukadiria umri huu inatokana na kazi ya Msweden Svante Arrhenius ya mwaka 1889 kuhusu joto na kasi ya mabadiliko ya kikemia, na kwa kondansateri imefupishwa hivi: kila joto linapopungua kwa nyuzi 10 za selsiasi, maisha huongezeka maradufu. Chukua kondansateri iliyoandikwa nyuzi 105, ambayo mtengenezaji wake ameihesabia saa 2,000. Maana yake si kwamba itakufa baada ya siku 83; maana yake ni kwamba katika joto la nyuzi 105 mfululizo, baada ya saa hizo, inaweza kuwa imepotoka nje ya vipimo alivyoviahidi. Ikikaa mahali penye nyuzi 75, umri huo huzidishwa mara 8, ukawa saa 16,000. Chombo kinachowashwa saa 10 kwa siku kitazimaliza kwa miaka 4 na miezi kadhaa. Kinachoachwa kimechomekwa usiku na mchana kitazimaliza kabla ya miaka 2. Iweke kondansateri hiyohiyo kwenye nyuzi 55 na hesabu inakuwa saa 64,000, yaani zaidi ya miaka 17 kwa saa 10 za kila siku. Na kama mtengenezaji wa chombo aliokoa senti chache kwa kuweka ya nyuzi 85 mahali palepale penye nyuzi 75, basi zimebaki saa 4,000, mwaka mmoja na kidogo. Kuna kikomo, bila shaka, kwa sababu mpira nao huzeeka kwa njia yake, na wala hesabu ya miaka 100 isiaminiwe. Lakini kati ya nyuzi 50 na 90 kanuni hii ni msaada mkubwa.

Hesabu hiyo inaeleza kitu ambacho mwanzoni kilinishangaza: Bukavu, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye upepo wa ziwa na jioni za kuvaa sweta, ni mahali pazuri kwa kondansateri kuliko Kinshasa au Kalemie. Ampli ya hapa ilipaswa kudumu zaidi. Lakini kondansateri haiishi katika hali ya hewa ya mji, inaishi ndani ya sanduku. Inakaa kando ya bamba la kupoozea transista, au imelala juu ya rezista inayochemka, na juu ya sanduku lenyewe mama mwenye nyumba ametandika kitambaa kizuri cha kufuma ambacho kimeziba matundu yote ya hewa, kisha chombo kikasukumwa ndani ya kabati lenye mlango wa kioo. Ninaheshimu vitambaa hivyo na kazi iliyoingia ndani yake. Ningeomba tu vitandikwe chini ya ampli, na juu pabaki wazi.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye chombo kilichonyamaza baada ya delestaji. Vyombo vya sauti vya nyumbani vina alimantasio za namna mbili. Ampli nzito za zamani zina transfoma kubwa ya chuma na shaba. Vyombo vyepesi vya siku hizi, pamoja na seti za spika 5 zinazouzwa na kisomaji cha DVD na spika nyingi zenye bluutuu, vina alimantasio ambayo mafundi huiita ya dekupaji: umeme wa ukutani hunyooshwa kwanza, bila kushushwa, kisha hukatwakatwa maelfu mengi ya mara kwa sekunde na kupitishwa katika transfoma ndogo. Kazi ya kukata husimamiwa na chipu, na chipu hiyo inahitaji kulishwa yenyewe kabla haijaanza kulisha wengine.

Katika muundo ulioenea sana, chipu huamka ikipata volti 16 na huzima ikishuka chini ya volti 10. Chakula chake cha kwanza hutoka katika kondansateri ndogo, mara nyingi ya mikrofaradi 22 au 47, ambayo hujazwa polepole kupitia rezista kubwa. Ikifika volti 16, chipu huamka na kuanza kuinywa ile chaji. Kabla haijakauka hadi volti 10, transfoma inapaswa kuwa imeanza kuzalisha, na waya wake wa pembeni huanza kuilisha chipu moja kwa moja. Tangu hapo ile kondansateri ndogo ina kazi nyepesi tu ya kulainisha. Kazi yake ngumu ni hiyo ya nusu pumzi ya mwanzo.

Fikiria sasa kondansateri hiyo imekauka, ikabaki na mikrofaradi 5 kati ya 47, kwa sababu imekaa miaka 6 milimita chache kutoka kwenye bamba la moto. Chombo kikiwa kinafanya kazi hakuna dalili yoyote, kwani waya wa pembeni unaendelea kuilisha chipu, na joto la ndani linakifanya kimiminika kilichobaki kipitishe umeme vizuri zaidi. Familia inakiacha kimechomekwa, kikilala na taa yake nyekundu, kwa miezi. Kisha kuranti inakatika. Chombo kinapoa. Kuranti inarudi, kondansateri inajaa hadi volti 16, chipu inaamka, inakunywa mara moja ile chaji chache, volteji inaporomoka chini ya 10 kabla transfoma haijashika, chipu inalala tena. Vyombo vingine hurudia jaribio hilo bila kukoma na kutoa mlio wa tik, tik, tik. Vingine hunyamaza kabisa. Mwenye chombo anasema kwa uhakika wote: «Fundi, ni kuranti ndiyo imeiharibu.» Ukweli ni kwamba kuranti ilikuwa inakifichia ugonjwa, na kukatika kwake ndiko kulikoufichua.

Kuna njia rahisi ya kuthibitisha. Asubuhi za Juni na Julai, wakati Bukavu ina baridi, chombo kama hicho hugoma; kikipulizwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele upande wa alimantasio kwa dakika moja au mbili, kinawaka na kuimba siku nzima. Kilichoungua hakiponi kwa joto. Kilichokauka huponea kidogo, na siku zake zilizobaki ni chache. Anayeona chombo chake kinachelewa kuwaka, leo sekunde 5, mwezi ujao sekunde 20, amepata onyo mapema, na tengenezo lake ni la bei ndogo kuliko chupa mbili za soda.

Je, kuranti haina hatia kabisa? Inayo, lakini hatia yake ina sura nyingine. Bukavu inategemea hasa mitambo ya mto Ruzizi: ule wa Kwanza, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ule wa Pili wa mwaka 1989, ambao umeme wake tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua kuliko umeme wake, nyaya zimevutwa kutoka nguzo hadi nguzo na kutoka nyumba hadi nyumba, na matokeo yake ni volteji inayopanda na kushuka. Pigo lililo kali kuliko yote huja pale waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, unapokatika au kulegea kwenye nguzo. Mtandao wetu una fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 380. Nyutro ikiwepo, kila nyumba hupata volti 220 zake. Ikikatika, nyumba za fezi mbili tofauti hujikuta zimefungwa kwa mfuatano kati ya volti 380, na ile yenye mzigo mdogo, yenye taa mbili na redio, ndiyo hupewa sehemu kubwa. Balbu huwaka kwa weupe usio wa kawaida, kisha hupasuka.

Kwa alimantasio ya dekupaji hilo ni jambo la sekunde. Kondansateri yake kubwa hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani volteji ya ukutani mara 1.414. Volti 220 hutoa kilele cha 311, na kondansateri iliyoandikwa volti 400 inakaa kwa amani. Volti 380 zingetaka kutoa 537. Oksidi haiwezi kustahimili hayo. Kimiminika huchemka, gesi hujaa, na kopo hupasuka kwenye alama ya msalaba iliyochongwa juu yake kwa makusudi hayohayo. Fundi akikuta kopo limepasuka, fyuzi imekuwa nyeusi na diodi zimeungana, hapo hana haja ya kubishana na mwenye chombo. Hapo ni kuranti kweli, na stabilizateri yenye kukata umeme ukizidi ina maana.

Volteji ndogo nayo ina madhara yake, na yanatofautiana kwa namna ambayo watu wengi hawaitarajii. Ampli ya transfoma ikipewa volti 150 badala ya 220 hupungukiwa nguvu tu, ikakwaruza ikipandishwa sauti, na vipande vyake vinapumzika. Ile ya dekupaji hujitahidi kutoa nguvu ileile, kwa hiyo huvuta mkondo mkubwa zaidi, karibu mara moja na nusu, na joto linalozaliwa kwenye ukinzani, ambalo hufuata mraba wa mkondo, hupita maradufu. Chombo kinachoimba bila shida jioni nzima kwa volti 150, na ambacho mwenyewe anakisifu kwa uvumilivu, kinaunguza miaka ya kondansateri zake. Vigeuzi vya bei nafuu vinavyotumika na betri za sola, vile vinavyotoa wimbi la ngazingazi, hufanya jambo linalofanana na hilo kwa vile vyombo vidogo ambavyo hupunguza umeme wa ukutani kwa kondansateri ya utando badala ya transfoma, kwa kuwa kila ngazi kali ya wimbi husukuma mkondo wa ghafla ndani yake.

Ampli nzito za transfoma huzeeka kwa adabu zaidi, na sikio lililozoea hutambua. Kondansateri zao kubwa zikipungua, mvumo wa hezi 100 huingia kwenye spika, mvumo mzito usiobadilika hata sauti ikishushwa hadi sifuri. Usichanganywe na ule wa hezi 50, ulio mzito zaidi, ambao kwa kawaida hutokana na waya wa kuingizia sauti uliovunjika au usiogusa vizuri. Kwa hesabu, ampli inayovuta ampea 2 na yenye mikrofaradi 10,000 huwa na mtikisiko wa kama volti 2 juu ya mkondo wake mnyoofu. Uwezo ukishuka hadi mikrofaradi 3,000, mtikisiko unakaribia volti 7, na kila besi ikipigwa ampli inaishiwa pumzi.

Katika redio na ampli za miaka ya 1970 ambazo bado ziko katika nyumba za wazee wetu, mara nyingi kuna kondansateri moja kati ya ampli na spika. Ya mikrofaradi 1,000 ikiwa na spika ya omu 8 huanza kupunguza sauti chini ya hezi 20, ambako sikio karibu halisikii chochote. Ikikauka hadi mikrofaradi 200, mpaka huo unapanda hadi karibu hezi 100, na gita la besi linatoweka ndani ya rumba huku sauti ya mwimbaji ikibaki safi. Nimeona watu wakinunua bafle mpya, yaani masanduku ya spika, kwa tatizo hilo. Bafle zenyewe zina kondansateri ndogo inayoipa spika ya sauti nyembamba sehemu yake tu, na ikiwa ni ya elektroliti nayo hukauka, ingawa huko madhara yake huja polepole kiasi kwamba masikio huyazoea.

Kukaa bure pia si dawa. Ampli iliyofungiwa stoo miaka 10 haikuathiriwa na joto, lakini tabaka la oksidi, ambalo hujitengeneza upya kila mara linapopata volteji, limedhoofika kwa kuachwa ndani ya kimiminika bila umeme. Ikichomekwa ghafla, mkondo hupenya, kondansateri inapata moto, na inaweza kupasuka siku ambayo familia imeitoa kwa furaha. Njia ninayoifuata ni kuunganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, kwa mfuatano na ampli. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, oksidi inajijenga. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna kilichoungana, na balbu imeokoa transfoma.

Kuhusu kuvimba, kuna kosa moja linalorudiwa na mafundi vijana: wanafungua chombo, wanatazama, hawaoni kopo lililovimba, wanasema kondansateri ni nzima. Kuvimba huja pale gesi inapozaliwa haraka kuliko inavyoweza kutoroka. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, dunia nzima iliona kondansateri zilizovimba kwa wingi, hasa katika kompyuta, kwa sababu baadhi ya viwanda vilitumia elektroliti yenye maji mengi isiyo na viungo vya kuilinda alumini, na maji yalipoila alumini yalitoa haidrojeni. Hapo ndipo wengi walipojifunza kuitafuta dalili hiyo. Inayokauka kwa kawaida haivimbi. Inasimama wima, imeng'aa, jina lake linasomeka vizuri, na ndani haina kitu.

Kwa hiyo hupimwa, na multimita yenye kipimo cha mikrofaradi haitoshi, kwani inaweza kuonyesha 43 kati ya 47 kwenye kondansateri ambayo ukinzani wake wa ndani umepanda kutoka nusu omu hadi omu 15. Kuna mita ndogo zinazopima ukinzani huo kwa mkondo geu (unaobadili mwelekeo) wa kasi, nyingine bila hata kuing'oa kondansateri kwenye ubao, na kwa maoni yangu kijana anayeanza kazi hii anunue mita hiyo kabla ya kununua chuma cha pili cha kulehemu. Kabla ya kupima chochote, chaji itolewe. Kondansateri ya mikrofaradi 220 iliyojaa volti 311 ina juli zaidi ya 10, za kutosha kumwangusha mtu. Itolewe kupitia rezista ya omu 10,000 na wati 10, kwa nusu dakika, kisha multimita ihakikishe kwamba kilichobaki ni karibu na sifuri. Kuziunganisha ncha zake kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya kwa ushujaa, hutoboa miguu na huweza kurusha chuma kilichoyeyuka machoni.

Wengine husema ni heri kubadilisha zote kwa mara moja. Sikubaliani, si hapa kwetu, ambako kopo jipya linalouzwa sokoni linaweza kuwa limeng'olewa katika televisheni iliyokufa na kuvikwa plastiki mpya, au kuwa kubwa kwa nje huku ndani mna kopo dogo. Kung'oa kondansateri 40 nzima ili kuweka 40 zisizojulikana ni kuipeleka ampli mbali na uzima, mbali na kwamba njia za shaba kwenye ubao wa zamani hubanduka kwa joto la kulehemu. Ninazobadilisha bila kusita ni zile ndogo zilizo kando ya kitu cha moto, maana zina kimiminika kidogo. Zile zilizopakwa gundi ya kahawia katika vyombo vya Kijapani vya miaka ya 1970 na 1980, kwa kuwa gundi hiyo ikizeeka kwa joto hupitisha umeme na kula miguu. Na ile ya kuamsha chipu, hata kama imepimwa ikakutwa inafaa kidogo. Badala yake huweka ya nyuzi 105, ya volteji ileile au iliyo juu hatua moja, na pale nafasi inaporuhusu huirefushia miguu kidogo ili isimame mbali na bamba la moto.

Mpya yoyote ninayonunua hupimwa kabla ya kuingia, na hupimwa tena baada ya kuchomekwa kwenye volteji yake kwa saa moja. Kisha, ndani ya kifuniko cha ampli, mahali pasipoonekana na wageni, naandika kwa kalamu isiyofutika tarehe, mikrofaradi, ukinzani wa ndani siku ile, na mahali kondansateri ilipo, ili fundi atakayekifungua chombo hicho baada yangu apate cha kulinganisha na kipimo chake.